Kurasa za Njano Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika leo. Daftari kanunua mke wangu. Amesema sifa zangu nizimwage humu, chakula cha jioni kipate kuliwa kimya. Vema. Daftari halikatizi mtu.

Kwa atakayesoma nikishafariki: mimi ndiye fundi wa kushona vitabu wa maktaba yetu. Fundi pekee. Kitabu kikichanika kinaletwa mezani kwangu, chumba cha nyuma, kinatoka kama bwana harusi. Kusoma? Nasoma. Kwa kidole, polepole. Kidole kikichoka nafunga. Lakini hakuna aliyeshika vitabu vingi kuliko mimi, hata maprofesa wote wakijumlishwa.

Leo pigo. Mkuu wa maktaba, binti mwenye miwani mikubwa, kaniita ofisini. Kanipa shikamoo, kanipa kiti, kisha habari. Eti chumba cha nyuma kinatakiwa. Kikundi cha wasomaji hakina pa kukutania, na vitabu vibovu vinaweza kupelekwa kiwandani kwenye mashine. Bado hajaamua. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mwandishi mgeni kusikia maoni ya wasomaji juu ya riwaya yake. Ugeni ukipita, ataamua chumba ni cha nani.

Na mwenyekiti wa kikundi ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu. Mwalimu mstaafu, mtu wa kukusahihisha hata ukipiga chafya. Siku nyingi anakitolea macho chumba changu. Kina dirisha.

Meza yangu haitoki. Labda itoke na mimi juu yake.

Jumanne, 4 Machi

Kitabu chenyewe kimeletwa mezani. *Ukuta wa Nyota Tisa*. Kinene kama tofali. Maktaba nzima ina nakala hii moja, nayo iko hoi. Mgongo umevunjika, uzi umeoza, panya wamejilia upande wa chini.

Mkuu kanieleza. Ni hadithi ya sayansi, merikebu zinaruka kati ya nyota, ila imejengwa juu ya masimulizi ya kale ya Wagiriki. Watu wanapigana miaka na miaka mbele ya ukuta, halafu nahodha mmoja anahangaika kurudi kwa mkewe. Kikundi kitaisoma kwa sauti, kwa zamu, kila alasiri, mpaka mwandishi aje. Akaniomba niharakishe.

Nimeitikia kwa sauti nzito. Moyoni nacheka. Hicho watakachokishika mbele ya mgeni kimeshonwa na nani? Na mimi!

Jumatano, 5 Machi

Kazi imekwenda kama maji. Nimefumua mshono, nimetoa mafungu yote ya kurasa. Nambari huko chini zilikuwa zimetafunwa nusu nusu, aibu tupu. Nimezipitisha kwenye mashine ya kukatia. Kwaa! Nambari zote zimekwenda na uchafu. Kurasa sasa zimenyooka kama meno ya mtoto.

Nikafungua dirisha gundi ipate hewa. Upepo ukaingia bila hodi. Mafungu yote chini! Mengine uvunguni mwa kabati, moja ndani ya ndoo. Ndoo tupu, nashukuru.

Mwingine angelia. Mimi nina akili ya kazi. Karatasi ina umri kama mtu. Ya mbele imekula jua, imegeuka njano. Ya nyuma imejificha, bado nyeupe. Basi: za njano kwanza, nyeupe mwisho. Nimepanga upya bila kusoma hata neno moja. Shemeji angetumia wiki nzima na miwani miwili.

Nimeshona, nimepaka gundi, nimevika jalada jekundu. Nimelibusu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejiunga na kikundi cha wasomaji! Mbinu hiyo. Nikiwa msomaji na fundi pia, watanitoaje?

Shemeji alivyoniona nimekaa mstari wa mbele alivimba. Akauliza mbele za watu kama nimepotea njia, choo kiko upande ule. Nikamjibu nimekuja kutoa maoni. Akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu naye yumo kikundini siku zote. Akamwambia kaka yake asome, muda unakwenda.

Kikundi kina sheria, kaitunga Shemeji mwenyewe. Kila msomaji anaandika maoni yake, anatia sahihi, anayabandika kwenye ubao wa ukumbini. Yaliyobandikwa hayabanduliwi. Msomaji, eti, husimama na neno lake.

Akaanza kusoma. Mara tu sura ya kwanza, nahodha yuko nyumbani tayari, anawakata kwa upanga wa mwanga wanaume waliokuja kumposa mkewe. Damu mpaka dari! Mama Muuguzi, mstaafu wa hospitali, akanyoosha mkono. Akauliza huyu amerudi kutoka wapi, mbona hatukumwona akiondoka.

Shemeji akakwama. Kisha akajikaza. Akasema Wagiriki wa kale hawakuanza hadithi mwanzoni kama watoto. Waliingia katikati. Mwandishi huyu ni mtu wa daraja lao. Mwenye akili ndogo atapotea, mwenye kubwa atafuata.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Nani anataka kuwa na akili ndogo mbele ya jirani?

Ijumaa, 7 Machi

Leo zamu ya Kinyozi kusoma. Ana sauti, yule bwana, kwa sababu ya kushindana na redio ya dukani kwake. Vita vimepamba moto. Nahodha kamwangusha adui yake mkubwa, kachomoa upanga, kamtazama machoni, na...

Kinyozi akageuza ukurasa.

"...kumfunika blanketi, asipate baridi."

Kinyozi akarudi nyuma, akasoma tena. Ni hivyo hivyo. Akauliza kama adui sasa ni rafiki au vipi, yeye alishajiandaa kwa damu. Shemeji akafumba macho kama anayesikia muziki. Akasema hapa ndipo sanaa ilipo. Upanga na blanketi. Chuki na huruma ndani ya sentensi moja. Hata Wagiriki wenyewe wasingethubutu.

Mama Muuguzi akapangusa machozi. Akasema katika miaka yake yote ya wodini hajasikia jambo kama hilo, na wagonjwa wabaya wote aliowafunika sasa anawakumbuka mmoja mmoja.

Nikatikisa kichwa kwa uchungu kama wengine. Nadhani nilitikisa vizuri kuwapita.

Jumatatu, 10 Machi

Vita vya nyumbani. Nachukua kitabu jioni kukagua gundi, na mke wangu ananisomea wakati namenya viazi. Leo kasimama katikati. Kauliza: huyu rubani si tulimzika Ijumaa? Kapigwa mshale wa mwanga kisiginoni, kafa. Mbona sasa anakula samaki?

Nikamwambia mbali kule nyotani kufa si kama kwetu.

Akanitazama. Akageuza kurasa mbele, akarudi nyuma, akachungulia chini pale nambari zilipotakiwa kuwa. Akauliza kwa upole kama dirisha la chumba cha nyuma bado linagonga. Nikamwambia linagonga sana siku yenye upepo. Akasema ahaa.

Kisha akacheka mpaka akakalia ndoo. Sijui kuna nini cha kuchekesha kwenye dirisha. Wanawake wa ukoo ule wana kicheko cha ghafla.

Jumatano, 12 Machi

Tumemaliza! Kasoma mke wangu.

Fungu la mwisho ndilo jeupe kabisa. Bandari ya merikebu, alfajiri. Nahodha bado kijana. Kamshika mtoto mchanga, kamrudishia mkewe, anamwambia atarudi kabla jino la kwanza halijaota. Mkewe anamfunga kamba ya kofia ya chuma. Merikebu inapanda. Mwisho.

Hakuna aliyeinuka. Maana sisi tulishajua yote! Miaka yote ile, wenzake wote watakaokufa, damu mpaka dari. Yeye hajui. Mkewe hajui. Wanapungiana mikono tu. Kinyozi akajifanya ana vumbi machoni, yote mawili kwa wakati mmoja. Mimi nilipenga kamasi kwa heshima.

Ubao ukajaa maoni. Mama Muuguzi kaandika kwamba kisigino hakiui mtu, yeye angekifunga bandeji na rubani angetembea Jumatatu, lakini mwisho umemvunja moyo na anaushukuru. Kinyozi kaandika kuwa ni hadithi bora ya vita aliyowahi kuisikia, tatizo moja, hatuelezwi watu wananyoaje ndani ya kofia za chuma. Mke wangu kaandika mstari mmoja: "Wanaoaga hawajui, ndiyo maana wanaweza kuaga."

Shemeji kabandika karatasi tatu. Tatu! Kwa wino wa bluu. Mpangilio uliovunjwa kwa makusudi, anasema, ndio roho ya kitabu. Anayetaka kisomwe kwa mfuatano wa kawaida hastahili kupewa kadi ya maktaba. Sahihi kubwa, na mstari chini yake.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebandika maoni yangu. Jasho limenitoka kuliko siku ya kubeba mashine ya kukatia. Nimeandika:

"Kitabu hiki kimeshonwa vizuri sana. Hakiachii hata ukikitupa. Nimekitupa. Hadithi nayo si mbaya."

Shemeji kasoma, kanipigapiga begani. Kasema Jumamosi mwandishi akiona hayo, meza yangu itaondoka na kigari cha taka. Kisha akaenda chumba cha nyuma na futi ya fundi cherehani, akapima ukuta. Kauliza kama rangi ya kijani itafaa.

Usingizi umenikimbia. Na huwa naupata hata nimesimama.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa! Rafiki wa Shemeji wa mji wa pili kamtumia nakala yake ya *Ukuta wa Nyota Tisa*, apate kuiweka mezani kesho kwa mapambo. Shemeji kaifungua. Kaanza kusoma. Saa sita mchana kaja mbio chumba cha nyuma, viatu vya kushoto na kulia vimebadilishana miguu.

Kapiga kelele kwamba kitabu changu kimevurugwa. Mwanzo uko mwisho, mwisho uko mwanzo. Katika nakala yake yule adui anakatwa shingo, na blanketi ni la mtoto mchanga, kurasa mia mbali! Kesho atasimama mbele ya mwandishi na mbele ya Mkuu, atanianika.

Nikaichukua nakala yake, nikaitazama kama fundi. Uzi legelege. Gundi ya kiwandani. Nikamwambia kwa huruma kwamba kiwanda kimekosea, wamepanga kurasa bila kutazama rangi. Hutokea. Aniachie usiku mmoja tu, nitaishona upya ifanane na yangu.

Akaikumbatia kama kuku na yai. Akaondoka akinyooshea kidole dari.

Mbinu ya kwanza imeshindikana. Mbinu ya pili: nikamfuata ukumbini nione anafanya nini. Nikamkuta kwenye ubao, anakwangua gundi kwa kucha! Anataka kubandua zile karatasi zake tatu! Kinyozi alikuwa pale anasoma maoni yake mwenyewe kwa mara nyingine. Akamkumbusha kwa sauti ya dukani: Mwalimu, si ulisema yaliyobandikwa hayabanduliwi? Watu wakageuka. Shemeji akasema anazinyoosha tu, zimekaa upande.

Na hata angeachiwa asingeweza. Gundi ile nimeichanganya mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Ushindi!

Ukumbi ulijaa. Mwandishi ni bwana mrefu, mnyonge kidogo, anashika mkoba kwa mikono miwili kama anaogopa atanyang'anywa. Mkuu akamkaribisha. Mwandishi akasema kwa sauti ndogo kwamba kila anapokwenda wasomaji humwambia hivyo hivyo: vita vizuri, mwisho wanachoka. Damu inawakinaisha. Amekuja kusikia kama sisi tumechoka pia.

Shemeji akasimama kabla hajaitwa. Nakala ya rafiki mkono huu, nyekundu yangu mkono ule. Akasema kuna aibu imetendeka katika maktaba hii. Akanitazama. Mkuu akavua miwani. Maji yalinifika shingoni, nasema kweli. Niliiona meza yangu juu ya kigari.

Mke wangu akainuka polepole. Akamwambia kaka yake akae, mgeni hula kwanza ndipo aelezwe habari. Mwandishi aonyeshwe ubao. Aanze na maoni ya mwenyekiti, maana ndiyo marefu.

Shemeji akautazama ubao. Akakaa.

Mwandishi akasoma kwa sauti. Mpangilio uliovunjwa kwa makusudi. Upanga na blanketi. Anayetaka mfuatano wa kawaida hastahili kadi ya maktaba. Alifika kwenye sahihi, amepigwa na butwaa. Akasoma ya Mama Muuguzi. Ya Kinyozi, akacheka. Ya mke wangu aliyasoma kimya, halafu akayasoma tena kwa sauti. Yangu akayasoma na kunitafuta kwa macho. Nikasimama ili asipate taabu.

Akauliza blanketi gani. Kinyozi akamwonyesha mahali. Mwandishi akasoma sentensi ile katika kitabu changu chekundu, akageuza ukurasa, akaurudisha, akapitisha kidole kwenye mshono. Akafungua mwisho. Bandari, alfajiri, mkono unapunga. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu, na suti yake.

Akasema hakuiandika sentensi hiyo. Akasema anatamani angeiandika.

Sasa Mkuu akataka kujua. Shemeji, swali lilipomfikia, akawa anasoma dari. Aseme nini? Kwamba fundi kavuruga, na yeye mwenyekiti kasifu mvurugo kwa karatasi tatu? Akasema... ni suala la kitaalamu, amwachie fundi.

Nikajieleza. Njano kwanza, nyeupe mwisho. Nambari hazina kazi, zinachafua tu. Nikamwambia mwandishi kwamba kiwanda chake kinampanga vibaya, abadilishe. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mwandishi akaandika kila neno. Kisha akaomba nakala yangu kwa kubadilishana na nakala mpya ya mkobani mwake, na saini yake juu. Anataka kitabu kipigwe chapa upya kwa mpangilio wangu. Mama Muuguzi akamkumbusha habari ya kisigino. Akaahidi bandeji.

Mkuu akatoa hukumu hapo hapo. Meza inabaki! Kikundi kitakutana kila Alhamisi ndani ya chumba hicho hicho, meza yangu katikati. Shemeji atakaa upande wa mlango, penye baridi. Ufunguo wa mashine ya kukatia atautunza Mkuu mwenyewe. Anasema mashine ya thamani hivyo haifai kuachwa wazi. Nimemwelewa. Heshima kubwa.

Njiani nilimweleza mke wangu jinsi nilivyowashinda wote peke yangu. Akasema ndiyo, peke yako. Akanishika mkono mpaka nyumbani, anacheka kidogo kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Shemeji kaja chumba cha nyuma leo. Kabisha hodi! Kafunga mlango nyuma yake. Katoa bahasha kubwa kwapani.

Ni maisha yake. Kayaandika kwa mkono, miaka mingi, tangu kuzaliwa hadi kustaafu. Nakala ya pekee, hakuna nyingine duniani. Kasema kwa sauti ya chini kwamba, baada ya mambo ya Jumamosi, anaona si vibaya nimshonee, kwa uzi ule ule na jalada jekundu. Ila kwa mfuatano wa kawaida. Akarudia: wa kawaida, shemeji yangu, nakusihi. Kurasa zote kazitia nambari, chini, kwa wino wa bluu.

Nimemwahidi. Undugu ni undugu. Kaondoka ananishukuru, mpaka mlangoni kaniita fundi.

Nimezitazama hizo nambari. Zimekaa vibaya kabisa. Nyingine zimepinda, saba yake haina kofia. Mtu wa hadhi yake! Mashine imefungwa, lakini kisu cha jikoni nimekinoa asubuhi. Nimemaliza kuzikata kabla ya chai.

Nimefungua dirisha. Leo kuna upepo mzuri. Karatasi za kustaafu kwake zilikaa dirishani kwake, zimekuwa njano kama ndizi. Za kuzaliwa alizificha sandukuni, nyeupe pe. Kwa hiyo ataanza na pensheni, atapata kazi ya ualimu baada ya kuiacha, ataoa, atajifunza kutembea, na ukurasa wa mwisho mamake anamfunika blanketi.

Atalia kwa furaha, maskini. Simwambii kitu mpaka Alhamisi, mbele ya kikundi kizima.